Mwendo wa Kusemezana

Walimu wawili wa skuli waliokuwa nyuma yangu walianza kuzungumzia harusi ya mtoto wa mwenzao hata kabla hatujatoka Darajani. Tulipoyapita magofu ya Maruhubi walikuwa bado wanabishana kama biriani iliwatosha wageni. Bububu ilipobaki nyuma na nyumba kuanza kuachana, sauti zao zikakatika. Sikugeuka kuwatazama, nilipunguza mwendo tu. Baada ya dakika tatu au nne biriani ikarudi.

Nimewaongoza watu wengi kwa baiskeli katika barabara za mashamba za Unguja, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko saa yoyote ya mkononi. Wataalamu wa mazoezi wanakitumia pia. Mtu anayeweza kuimba huku anapiga pedeli yumo katika mwendo mwepesi. Anayeweza kuzungumza lakini wimbo unamshinda yumo katika mwendo wa wastani. Anayetoa maneno mawili matatu kisha akavuta pumzi ameshapanda kwenye kazi nzito. Sababu iko mapafuni: kusema kunahitaji pumzi ndefu inayotoka polepole, na misuli ikifanya kazi nzito huzalisha hewa chafu nyingi ambayo mwili unataka kuitoa upesi. Mwili ukilazimika kuchagua kati ya kupumua na kusimulia, utachagua kupumua. Kwa hiyo kimya cha mwenzako ni taarifa, nayo hukufikia mapema kabla hajalalamika, maana wengi huona haya kusema wamechoka.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya Januari, nasi tulikuwa saba: walimu hao, mzee mmoja mstaafu wa bandarini, shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Dar es Salaam, kijana wa mtaani mwenye baiskeli ya mbio, mke wangu na mimi. Safari yetu ilikuwa ya Mangapwani, kilomita zipatazo 20 kaskazini mwa mji, na wakati wa kurudi tupande Kidichi. Jumla haizidi kilomita 50 kwa siku nzima. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu barabara ya Bububu hujaa magari mapema na jua la Januari halina huruma.

Turudi pale walimu waliponyamaza, kwa sababu sikuwa nimeongeza kasi hata kidogo. Tulikuwa kwenye kilomita 15 kwa saa tangu mjini. Kilichobadilika ni upepo. Mjini majumba yalikuwa yanatukinga, na yalipokwisha tukakutana na kaskazi uso kwa uso. Nguvu ya hewa inayomsukuma nyuma mpanda baiskeli haifuati kasi yake juu ya ardhi, inafuata kasi yake ndani ya hewa, tena inakua kwa kipeo cha pili. Ukienda kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 10 kwa saa, kifua chako kinapasua hewa kwa kasi ya 25. Hesabu ya kipeo cha pili inasema unasukumwa nyuma karibu mara tatu ya vile ungesukumwa hewa ikiwa imetulia. Usukani ni uleule na barabara ni ileile, lakini mzigo umekuwa mwingine. Mtu asiyejua hili hudhani ameishiwa nguvu, akajilaumu, akakaza miguu ili asiwacheleweshe wenzake. Hapo ndipo siku ya raha inapoharibika, na bado ni saa moja asubuhi.

Mwaka 1973 mhandisi S. S. Wilson wa Chuo Kikuu cha Oxford aliandika katika jarida la Scientific American kwamba mtu aliye juu ya baiskeli hutumia nishati kidogo kwa kila kilo na kila kilomita kuliko mnyama au chombo chochote alichokilinganisha naye. Naipenda sana habari hii, ila ina sharti: faida hiyo ni ya mwendo wa taratibu. Kasi yako ikizidi mara mbili, nguvu unayoitoa kupambana na hewa inazidi mara nane. Kijana wetu wa baiskeli ya mbio alitutangulia akapotea, tukamkuta Chuini kivulini, jasho linamtiririka, akitusubiri. Alikuwa amelipa bei kubwa ili akae peke yake dakika ishirini. Kuanzia hapo nilimweka mbele yetu kwa kazi maalumu: awakingie upepo walimu, aende kwa mwendo wao. Anayefuata kwa karibu nyuma ya mwenzake hupata nafuu, kwa sababu hewa imeshapasuliwa, na dhidi ya upepo nafuu hiyo huhisiwa hata na watu wa mwendo mdogo.

Mpangilio wa msafara una maana kuliko aina za baiskeli. Mtu mzito wa mwendo asiwekwe mwisho. Akiwa mwisho kila pengo linamwangukia yeye: wa mbele akiongeza kidogo, wa kati anafidia, na wa mwisho anakimbizana na msafara siku nzima, kisha anafika kituoni wenzake wameshapumzika na wanataka kuondoka. Mweke wa pili, nyuma tu ya anayekinga upepo, hapo mwendo wake ndio unakuwa mwendo wa wote. Mwisho akae mtu mwenye nguvu na vifaa, na siku hiyo alikuwa mke wangu, mwenye pampu, spana, viraka na masikio makali. Yeye ndiye aliyepaza sauti "gari nyuma!" nasi tukajipanga mmoja mmoja kushoto. Barabara ikiwa tupu, tulirudi wawili wawili tukaendelea na maneno yetu.

Upepo huo huo ndio unaopanga safari zangu za mwaka mzima. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na miezi hiyo huenda kaskazini asubuhi, miguu ikiwa mipya, ili mchana wakati wa kuchoka upepo uwe mgongoni. Kusi ikishika, baada ya masika, nageuza: tunaelekea Fumba na kurejea mjini tukisukumwa. Mabaharia wa pwani hii walipanga safari za majahazi kwa pepo hizi mbili kwa karne nyingi, na mpanda baiskeli naye anafaa azijue. Anayetoka na upepo mgongoni asubuhi hujiona hodari, huenda mbali kuliko alivyopanga, kisha hulipa deni lote wakati wa kurudi, jua likiwa kali na maji yamekwisha.

Kabla hatujaondoka nilitumia robo saa kurekebisha viti. Shemeji alikuwa ameazima baiskeli ya Phoenix, zile nyeusi za magurudumu ya inchi 28, na kiti kilikuwa chini mno. Watu wengi hukishusha ili miguu yote miwili ikanyage chini wanaposimama, na magoti ndiyo yanayoumia, hasa upande wa mbele, kwa sababu goti linabanwa kwenye kila mzunguko. Kipimo ni rahisi. Kaa kitini mwenzako akushikie baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli, izungushe mpaka chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukishaweka sehemu pana ya mbele ya wayo, kama inavyotakiwa unapoendesha, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Tulikipandisha kiti cha shemeji karibu upana wa vidole vinne. Alilalamika mpaka Malindi, baada ya hapo sikumsikia tena akikitaja.

Baiskeli hiyo haina gia za kubadilisha, wala kwa safari ya namna hii hilo si kasoro. Ikiwa na meno 48 mbele na 20 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza mita tano na ushei. Mizunguko 50 kwa dakika, ambayo ni mwendo wa mtu asiye na haraka, inakupa karibu kilomita 16 kwa saa. Waliozipima baiskeli hizi waliijua kazi yao. Breki zake za vyuma tu ndizo za kuangaliwa: rimu za chuma zikilowa zinateleza sana, kwa hiyo mvua ikinyesha anza kufunga breki mapema mno, na kwenye mteremko shuka utembee.

Mangapwani tulifika kabla ya saa tatu. Njia ya mwisho kuelekea pwani ni ya kifusi na mawe ya matumbawe, na hapo tulipunguza upepo wa matairi kidogo. Tairi gumu kama jiwe hurushwa na kila kokoto, na kila mrusho ni nguvu inayopotea mikononi na mgongoni mwako. Tairi lililolegea kiasi hulimeza kokoto likaendelea. Kiasi, lakini, maana likilegea mno rimu itagonga jiwe na tyubu itakatika mara mbili sambamba, kama meno ya nyoka.

Tulishuka kwenye chumba cha watumwa. Kimechongwa ndani ya mwamba wa matumbawe, paa lake liko usawa wa ardhi, na kilitumika kuwaficha watu baada ya biashara ya watumwa kupigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873. Walimu walikuwa wameshawahi kuwaleta wanafunzi wao hapo. Hakuna aliyesema kitu mle ndani wala tulipotoka, na tulizisukuma baiskeli kwa miguu kitambo kirefu. Kimya hicho hakikuwa cha pumzi. Niliwaacha mpaka mzee wa bandarini mwenyewe alipoanza kusimulia yale aliyoyasikia kwa babu yake.

Kivulini tukaanguliwa madafu, na hapa nina neno kwa wanaoamini dafu linamaliza kila kitu. Dafu lina maji, sukari kidogo na potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni haba, na jasho hutoka na chumvi kwanza kabisa. Katika joto la Januari mtu anaweza kutoka jasho la nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Akirudisha maji matupu tu, damu inazimuka, kichwa kinauma, miguu inalegea, naye anazidi kunywa. Kwa hiyo dafu liende na muhogo wa kuchemsha uliotiwa chumvi, au kipande cha samaki wa kukaanga. Muhogo unamrudishia mpandaji wanga anaouchoma, na chumvi inayashika maji mwilini. Kunywa kidogo kidogo kila mara, usingoje kiu ikukamate. Mwezi wa Ramadhani mimi husitisha safari hizi za mchana kabisa, kwa heshima ya vijiji na kwa sababu hii ya maji.

Wakati wa kurudi tairi la nyuma la mwalimu mmoja lilipata pancha. Wengi hukosea mara tatu kwenye kazi hii. Huziba tyubu bila kuutafuta mwiba, nao umebaki ndani ya tairi unangoja: pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote kabla ya chochote. Hawasugui mpira, na juu yake kuna utando laini wa kiwandani unaozuia kiraka kushika. Kisha hubandika kiraka solisheni ikiwa bado mbichi. Solisheni haishiki kama gundi ya karatasi. Dawa yake ya majimaji lazima iruke kwanza, ibaki ngozi kavu yenye kunata, ndipo mpira ushikane na mpira. Subiri dakika tano. Bibi mmoja alitoka nje ya ua, tukamwamkia, akaitika "marahaba wajukuu zangu" na kututolea mkeka, na dakika tano zikawa nusu saa, kwa kuwa alitaka kujua kila mmoja wetu ni mtoto wa nani.

Bububu tulisali adhuhuri, kisha tukakata kwenda Kidichi, kilomita chache tu lakini za kupanda. Kwenye tambarare, kwa mwendo wetu, mtu na baiskeli yake hurudishwa nyuma na nguvu sawa na uzito wa kilo moja na ushei. Kwenye mwinuko wa mita moja kwa kila mita 20, kama mtu na baiskeli ni kilo 100, huongezeka kilo tano nyingine. Miguu haijawa dhaifu, kazi ndiyo imekuwa karibu mara tano. Kwa hiyo niliposhuka nikaanza kusukuma, wote walishuka, hata kijana wa mbio, na mazungumzo hayakukatika mpaka kwenye hamamu alizozijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Ndani kuna baridi nzuri, na kuta bado zina nakshi za maua na ndege.

Kutoka hapo hadi mjini ni mteremko kisha tambarare, kaskazi ikiwa mgongoni. Saba tulitoka na saba tuliingia Darajani pamoja kabla ya alasiri, walimu wakiwa wamefika kwenye harusi ya tatu.

Kaskazi inavuma hadi Machi. Tafuta wenzako watatu au wanne, pima viti vyenu Ijumaa jioni, tokeni saa kumi na mbili na nusu kuelekea Bububu, na yule mzito wa mwendo mpeni nafasi ya pili.