Udongo Unaosha Nywele, ila Si Kila Udongo

Mashariki ya milima ya Atlas ya Kati, nchini Moroko, katika bonde la mto Moulouya, huchimbwa udongo wa kahawia uitwao ghassoul. Hutolewa chini ya ardhi ukiwa mabonge, na ukishaoshwa na kuanikwa juani hupelekwa masokoni, Fez na kwingineko. Wanawake huuloweka kwa maji ya moto, wengine wakatia maua ya waridi makavu au karafuu, kisha huenda nao hamamu kuoshea ngozi na nywele. Desturi hiyo ni kongwe kuliko shampuu ya chupa kwa karne nyingi, kwa hiyo anayedhani ni mtindo wa juzi wa mitandaoni amekosea. Lakini ukongwe peke yake hauthibitishi kitu. Kinachofaa kuulizwa ni udongo huo unasafisha kwa njia gani, maana ukishaijua njia utajua pia unamfaa nani na unamdhuru nani.

Sabuni na shampuu zina chembe ambazo upande mmoja hushika mafuta na upande wa pili hushika maji, ndiyo sababu uchafu hung'oka ukaenda na maji. Udongo haufanyi hivyo. Madini ya ghassoul, yaitwayo stevensaiti, pamoja na ya udongo wa bentonaiti unaouzwa sana siku hizi, yamejengwa kwa matabaka membamba mno, kila moja likiwa na unene wa karibu nanomita 1. Ukiulowesha, maji hupenya kati ya matabaka na kuyatanua, na kiganja kimoja cha udongo kinakuwa na eneo kubwa ajabu la kunasia mafuta, jasho na vumbi. Hapo ndipo wengi wanapopinga: mbona hautoi povu? Povu ni hewa iliyofungwa ndani ya maji ya sabuni, si kipimo cha usafi. Anayechota maji ya kisima yenye chumvi, kama wengi wa pwani, anaijua sabuni inavyogoma kutoa povu na kuacha utando mweupe kichwani. Udongo hauna ugomvi huo. Tatizo lake ni kwamba unataka maji mengi ya kusuuzia, na mwenye ndoo moja atakwama katikati, kichwa kimejaa tope. Wauzaji hawalisemi hili, wala hawasemi kwamba tope hilo huziba bomba la bafuni.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kitu kinachonyonya mafuta si kitazikausha nywele? Kitazikausha, kikitumiwa ovyo. Nywele za kipilipili hasa zinahitaji uangalifu, kwa kuwa mafuta ya ngozi ya kichwa hayashuki kwa urahisi kwenye mikunjo yake, na ncha hubaki kavu hata mizizi ikiwa na mafuta tele. Isitoshe, ngozi ya kichwa ina uchachu kidogo, pH ya karibu 5.5, ilhali uji wa bentonaiti aghalabu hupita 8, na hali hiyo huzifanya nywele zikwaruze na kutanuka. Basi dawa yake iko kwenye namna ya kutumia. Chukua vijiko vitatu vya chakula vya unga wa udongo, ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka uwe mzito kama mtindi, uache robo saa unywe maji vizuri. Zilowanishe nywele kwanza, zigawe mafungu, upake kuanzia ngozi ya kichwa. Dakika tano zinatosha; usiuache ukauke, kwa sababu ukikauka ni vigumu kuutoa na utakata nywele unapochana. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha mwagia lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha siki, umalizie kwa mafuta kidogo ya nazi kwenye ncha. Kuna mapishi yanayotaka mafuta yachanganywe ndani ya udongo wenyewe. Hayo yanajipinga, kwani udongo utashiba mafuta hayo kabla haujagusa ya kichwani. Morani wa Kimasai naye huchanganya ngeu na mafuta, lakini yeye anajipamba, haoshi. Mwenye rasta au misuko asijaribu kabisa: tope likiingia ndani ya fungu halitoki.

Hoja ninayoikataa ni ile inayosema udongo ni salama kwa kuwa ni wa asili, na tena hutoa sumu mwilini. Unywele uliokwisha kuota hauna uhai, hauna sumu ya mwili ya kutolewa. Tena madini ya risasi ni ya asili vilevile, na yamo katika baadhi ya udongo. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu waache bidhaa moja ya bentonaiti baada ya vipimo kukuta risasi nyingi ndani yake. Vimelea vya pepopunda navyo hukaa ardhini, na kichwa chenye kidonda au mchubuko ni mlango ulio wazi. Kwa hiyo udongo wa mtoni au wa kichuguu, hata uwe laini namna gani, si wa kuoshea kichwa.

Nunua udongo uliotengenezwa kwa ajili ya urembo, wenye jina la mtengenezaji kwenye pakiti, na ukoroge bila kuvuta vumbi lake puani. Usimpe mtoto auchezee, kwani ataulamba. Mara moja kwa wiki mbili inatosha kwa mwenye nywele kavu, na aliyetia dawa ya kunyoosha karibuni asubiri kwanza. Kama kichwa kina mapunye, udongo hautayaponya: nenda zahanati ukapewe dawa ya kumeza.