Shamba Liitwalo Angola: Kufuata Nyayo za Familia Moja katika Vitabu vya Mahakama na Mirathi

Mwaka 1677, katika wilaya ya Somerset, koloni la Maryland, mkulima mmoja aitwaye John Johnson alinunua ekari 44 za ardhi. Wakati ule kila shamba la sehemu zile lilipewa jina, na jina hilo likaandikwa katika hati. Majirani zake Waingereza walichukua majina ya vijiji vya kwao ng'ambo ya bahari. Yeye aliliita shamba lake Angola.

John alikuwa mjukuu wa Anthony Johnson, Mwafrika aliyefika Virginia mwaka 1621, miaka miwili tu baada ya Waafrika wa kwanza wa koloni lile kushushwa Point Comfort. Familia hii haikuacha barua wala kitabu chake chenyewe. Karibu yote tunayojua juu yake yameandikwa na makarani: wa mahakama, wa ardhi, wa kodi na wa mirathi. Katika makala hii nataka kuwaeleza wanafunzi wenzangu namna karatasi hizo zinavyosomwa. Hii si kazi ya wanahistoria peke yao. Yeye aliyezoea kupima neno, tahajia na muundo wa sentensi ana silaha ambazo mwanahistoria mara nyingi huja kuziazima kwetu.

Kwa nini mahakama na mirathi?

Katika Virginia ya karne ya 17, mahakama ya wilaya haikuwa tribinali ya kuhukumu wezi tu. Ilisajili mauzo ya ardhi, madeni ya tumbaku, alama za masikio ya mifugo, wosia, na ulezi wa yatima. Aliyeishi pale, tajiri au maskini, ilikuwa vigumu apite maisha yake yote bila kutajwa hata mara moja. Wilaya ya Northampton, ambayo zamani iliitwa Accomack, imehifadhi vitabu vyake vya mahakama tangu mwaka 1632 bila kukatika. Hivyo ndivyo vitabu vya kale kuliko vyote vinavyofuatana namna hiyo katika Marekani. Familia ya Johnson iliishi hapo.

Kila aina ya karatasi ina kazi yake. Wosia unataja nani ni mtoto wa nani, na nani amenyimwa. Orodha ya mali ya marehemu, iliyoandikwa na majirani walioteuliwa na mahakama, inahesabu kila kitu tangu sufuria hadi ng'ombe. Katika nyumba za wenye watumwa, orodha hiyo inahesabu watu pia, kwa jina moja na kwa bei. Inauma kuisoma, lakini mara nyingi ndipo pekee jina la mama limeandikwa karibu na majina ya watoto wake. Kwa sababu hiyo, anayemtafuta mtu aliyekuwa mtumwa hulazimika kwanza kumtafuta bwana wake, kwani marehemu aliyeandikiwa orodha ni bwana, na mtumwa yumo ndani ya mali.

Sheria nayo inaonyesha mahali pa kutafuta. Desemba 1662 bunge la Virginia liliamua kwamba mtoto afuate hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa, mama huru, mtoto huru. Tangu hapo, anayefuatilia familia huru za weusi wa wakati wa ukoloni hana budi kumtafuta mama kwanza. Mtafiti Paul Heinegg, aliyepitia rekodi hizi wilaya kwa wilaya, alionyesha kwamba nyingi za familia hizo zilitokana na wanawake weupe, mara nyingi watumishi wa mkataba, waliozaa na wanaume Waafrika. Wanawake hao waliitwa mbele ya mahakama kwa kuzaa nje ya ndoa. Karatasi iliyoandikwa ili kumwaibisha mama ndiyo leo inayowathibitishia wajukuu uhuru wa ukoo wao.

Kutoka Antonio hadi Johnson

Tuanze na orodha za watu wa koloni. Hesabu ya mwaka 1625 inataja, katika shamba la Bennett, mwanamume aitwaye Antonio, Mwafrika, aliyekuja kwa meli James mwaka 1621, na mwanamke aitwaye Mary, Mwafrika pia, aliyekuja kwa meli Margaret and John mwaka 1622. Hakuna jina la ukoo. Mahali pa jina hilo karani ameandika neno la rangi.

Miaka mingi baadaye, vitabu vya Northampton vinamtaja Anthony Johnson na mkewe Mary, wenye watoto wanne. Mwaka 1651 Johnson alipewa hati ya ekari 250. Kwa desturi ya koloni, aliyelipa nauli ya mtu mmoja kuingia Virginia alistahili ekari 50. Yeye alionyesha majina matano. Tusikimbilie kusema kwamba watu hao watano walifika mwaka ule, kwani haki hizo ziliuzwa na kununuliwa kama bidhaa nyingine yoyote.

Tunajuaje kwamba Antonio wa 1625 na Anthony wa 1651 ni mtu mmoja? Jina peke yake halitoshi, maana hesabu ileile inataja Mwafrika mwingine mwenye jina hilo. Hapa ndipo hati moja ya mwaka 1653 inapotusaidia. Moto uliteketeza mali ya familia, wakaomba mahakama iwapunguzie mzigo. Katika kujibu, mahakama ilikumbuka kwamba wamekaa Virginia zaidi ya miaka 30. Toa 30 katika 1653, unapata 1623, na kabla yake. Ukiongeza jina la mke na mfuatano wa miaka, nyuzi kadhaa dhaifu zinasokotwa kuwa kamba moja imara. Hii ndiyo kanuni ya kazi yote: ushahidi mmoja ni dalili tu, na dalili kadhaa zisizotegemeana ndizo zinazokaribia uthibitisho.

Hati hiyo ina siri nyingine. Mahakama ilimsamehe Mary na binti zake wawili kodi ya kichwa kwa maisha yao yote. Msomaji asiyejua sheria ataona huruma tu. Lakini tangu 1643 sheria ya Virginia iliwatoza kodi hiyo wanawake Waafrika, huku wanawake weupe hawakutozwa. Kwa kumsamehe Mary, mahakama ilimweka, katika jambo hili moja, sawa na jirani zake weupe. Maana ya sentensi haikukaa ndani ya sentensi peke yake. Ilikaa pia katika sheria iliyokuwa nyuma yake. Walimu wetu wa pragmatiki wasingepata mfano bora zaidi.

Mitego mitatu ya lugha

Mtego wa kwanza ni tarehe. Hadi mwaka 1752 Waingereza walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Kwa hiyo hukumu iliyoandikwa tarehe 8 Machi 1654 kwetu ni ya 1655. Asiyejua hili atamzalisha mtoto kabla ya ndoa ya wazazi wake, au kumfanya marehemu anunue ng'ombe.

Mtego wa pili ni tahajia. Antonio, Anthony na Tony ni vivuli vya mtu mmoja. Shamba alilopanga baadaye katika Maryland lilijulikana kama Tonies Vineyard. Karani aliandika alichosikia, tena kwa sikio la Kiingereza. Basi mtafiti asome kwa sauti, sio kwa macho tu. Sisi tuliozaliwa mahali ambapo jina moja la ukoo linaandikwa kwa namna tatu katika cheti cha ubatizo, kadi ya mchaguzi na diploma, hatuhitaji kuelezwa sana.

Mtego wa tatu, ulio mkubwa kuliko yote, ni maneno ya hali ya mtu. Neno la Kiingereza lililomaanisha mtumishi lilitumika kwa Mwingereza wa mkataba wa miaka michache, na pia kwa Mwafrika aliyeshikiliwa bila mwisho. Kamusi haitakuambia ni yupi. Ni kesi ndiyo itakayokuambia.

Kesi ya John Casor

Na kesi ipo. Mwafrika aitwaye John Casor alifanya kazi kwa Anthony Johnson. Alidai kwamba alikuja Virginia kwa mkataba wa miaka saba au minane, na kwamba Johnson alimshikilia kupita muda huo. Johnson alijibu kwamba hakuona mkataba wowote, na kwamba Casor ni wake kwa maisha. Jirani mweupe, Robert Parker, alimchukua Casor kama mtu huru. Johnson akaenda mahakamani, na Machi 1655 akashinda: Casor alirudishwa kwake, na Parker akatakiwa kulipa gharama.

Wengi wanaosimulia habari za Johnson huiruka sehemu hii, au huishika hii tu ili kusema kwamba Waafrika ndio walioanzisha utumwa kule. Pande zote mbili zinasoma vibaya. Hati inaonyesha kwamba wakati ule Mwafrika huru aliweza kumshtaki mweupe na kumshinda. Inaonyesha pia kwamba alishinda kwa gharama ya uhuru wa Mwafrika mwenzake. Anayefuatilia ukoo asichague babu wa kujivunia na kumficha babu wa kuaibikia, hasa wanapokuwa mtu mmoja.

Neno moja, ekari hamsini

Miaka ya 1660 familia ilihamia Maryland. Anthony alifariki mwaka 1670. Mary alipatana upya na mwenye ardhi, akapewa upangaji wa miaka 99. Huku nyuma, Virginia, mwezi Agosti mwaka uleule, baraza la wazee wa mahakama lilichunguza ardhi ya marehemu. Uamuzi wao ulikuwa kwamba ardhi hiyo inaweza kutwaliwa na koloni, kwa kuwa Johnson alikuwa mweusi na kwa sababu hiyo mgeni. Ekari 50 alizompa mwanawe Richard, aliyeishi juu yake na mke na watoto, ziliishia mikononi mwa jirani mweupe tajiri, George Parker.

Tuangalie mantiki ya sentensi hiyo. Mwaka 1653 mahakama ilihesabu miaka aliyokaa, ikaona ni mkaaji wa siku nyingi. Mwaka 1670 hakuna aliyehesabu miaka. Kiunganishi kidogo chenye maana ya "kwa hiyo" kiliunganisha rangi na ugeni, kana kwamba la pili linatoka katika la kwanza lenyewe. Mtu aliyekaa karibu nusu karne, aliyelipa madeni na kushinda kesi, alifanywa mgeni baada ya kufa, wakati hawezi kujibu.

Miaka saba baadaye mjukuu analiita shamba lake Angola. Je, jina hilo linathibitisha kwamba babu alitoka Angola? Kisheria, hapana. Wengi wa Waafrika wa kwanza wa Virginia walipitia bandari ya Luanda, wakitoka nchi za wasemaji wa Kimbundu na Kikongo, na jina la Kireno kama Antonio linakubaliana na njia hiyo. Lakini jina la shamba linathibitisha jambo lingine lililo wazi zaidi: kizazi cha tatu, kilichozaliwa ng'ambo na kusema Kiingereza, bado kilijua jina la upande wetu wa bahari, na kikataka liandikwe katika kitabu cha serikali.

Na sisi?

Mbinu hizi zinatuhusu. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliihukumu serikali ya Ubelgiji kwa uhalifu dhidi ya binadamu, katika kesi ya wanawake watano machotara waliotwaliwa kwa mama zao wakiwa wadogo, kabla ya uhuru wa Kongo, na kupelekwa misheni ya Katende huko Kasai. Karatasi za utawala wa kikoloni zenyewe zilisaidia kuonyesha kwamba haikuwa bahati mbaya bali mpango. Walioziandika hawakudhani kwamba watoto wale wangekuja kuzisoma. Familia nyingine nyingi za machotara bado zinatafuta jina la mama lililoandikwa kwa tahajia ya kigeni, au la baba lililofichwa kwa makusudi.

Kwa hiyo nawapendekezea wenzangu wanaotafuta somo la kazi ya mwisho wa masomo: chukueni rejista moja ya misheni, au faili moja la mirathi, na muisome kama tunavyosoma matini. Nani anasema, nani ananyamazishwa, neno gani limewekwa mahali pa jina? Andikeni kila tahajia kama ilivyo kabla ya kuisahihisha. Tafuteni sheria iliyokuwa ikitumika mwaka ule. Linganisheni hati tatu kabla ya kuamini moja. Na nyumbani, waulizeni wazee majina ya mashamba, ya mito na ya parseli za zamani wakiwa bado hai, kwa maana mengi ya majina hayo hayajaandikwa na karani yeyote.