Pua ya boneti: Pambo au kipuri chenye kazi?

MAGARI yanayosafirisha muguka kutoka Mbeere yana sifa ya mwendo wa kasi, maana majani hayo hunyauka upesi na mnunuzi huyataka yakiwa mabichi. Si ajabu basi kwamba dereva wa Gachoka, katika kaunti ya Embu, akitamani gari lake lifanane na ya mashindano, hufikiria kwanza kununua ile pua ya faibaglasi inayopachikwa juu ya boneti.

Tamaa hiyo ina chimbuko lake. Marehemu Colin McRae alishinda mbio za Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Subaru Impreza, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Magari yote mawili yalikuwa na tundu kubwa juu ya boneti. Wengi waliliona tundu. Wachache waliuliza lilikuwa la nini.

Injini ya Impreza WRX ina tabo, yaani mtambo unaoisukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Hewa iliyoshindiliwa hivyo hupata joto, na hewa moto haiunguzi mafuta vyema. Kwa hiyo hupitishwa kwanza katika kipoza hewa, ambacho Subaru wamekiweka juu ya injini, chini ya boneti. Pua hukiletea upepo. Impreza isiyo na tabo kwa kawaida hutoka kiwandani bila pua, nayo haikosi kitu.

Toyota Probox ya petroli haina kipoza hewa cha aina hiyo. Ukiitoboa boneti yake, upepo utaingia na kutawanyika bure. Huenda hata ukadhuru, kwa kuwa rejeta hupoa vizuri pale hewa inapopita ndani yake na kupata njia ya kutokea nyuma. Ukiijaza nafasi hiyo upepo mwingine, unaizuia. Isitoshe, vumbi na mvua vitapata mlango juu ya nyaya za umeme.

Kubwa zaidi ni msumeno. Chini ya bati la boneti kuna mbavu za chuma, zilizopangwa ili boneti ijikunje katikati gari linapogonga, badala ya kurudi nyuma na kuvunja kioo cha mbele. Fundi akizikata, mpango huo unavurugika. Anayetaka pambo tu, ambalo si haramu kulipenda, na alibandike kwa gundi ya utepe yenye nguvu bila kukata chochote.

Mwenye gari la tabo aliyevunjikiwa na pua ya awali ana sababu ya kununua. Akienda kutafuta vipuri katika barabara ya Kirinyaga, Nairobi, achukue kipande cha kadibodi kilichokatwa kufuata mpindo wa boneti yake, kwani pua ya toleo moja la Impreza aghalabu haikai kwenye toleo jingine. Aigonge kwa kidole kila mahali: penye mlio tofauti pana povu ndani. Aikague upande wa chini, ambako uvivu wa mtengenezaji haufichiki. Ikiwa inanata au kunuka kemikali vikali, haijakauka sawasawa.

Wakati wa kufunga, bolti ziwe na washa pana, la sivyo mitikisiko ya barabara ya changarawe itapasua faibaglasi kuanzia kwenye matundu. Bati lililokatwa lipakwe dawa ya kuzuia kutu kabla ya rangi. Fundi anayesaga faibaglasi avae barakoa na glavu. Vumbi lake huwasha ngozi na kudhuru mapafu.

Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi mapema, kwa sababu badiliko lililofichwa linaweza kuwa kisingizio cha kukataa kulipa baada ya ajali.

Hatimaye, kabla ya kurudi barabarani, boneti ifungwe na kufunguliwa mara kadhaa, na ile ndoano ya pili ya usalama ijaribiwe kwa mkono. Boneti inayofumuka gari likiwa kasini humfunika dereva kioo chote, asione mbele.