Mahema ya Kukodisha: Namna ya Kuyasafisha na Kuyahifadhi Miezi ya Mvua na Baridi

Hema la kukodisha, lile la harusi, matanga, ibada za nje na mikutano ya siasa, huharibika zaidi likiwa limekunjwa stoo kuliko likiwa limesimamishwa uwanjani. Jua hukichosha kitambaa polepole, kwa miaka. Unyevu uliofungiwa ndani ya mikunjo unaweza kukiotesha kuvu kwa muda wa siku mbili, na harufu yake haimtoki mtu puani tena. Kwa sababu hiyo kulitunza hema ni kazi mbili zisizotengana: kuliosha na kulikausha. Ya pili ndiyo ngumu, hasa katika miji ya Thika na Ruiru.

Miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, Aprili ikiwa kilele chake; mvua fupi hurudi Oktoba hadi Desemba. Katikati, kuanzia Juni hadi Agosti, ni msimu wa baridi. Mawingu hutanda tangu alfajiri, manyunyu hudondoka, na siku nyingine jua halichomozi hadi alasiri. Miezi hii ndiyo mtego. Mvua kubwa imekatika, kwa hiyo mwenye mahema hudhani kiangazi kimeingia, akalikunja turubai ambalo kwa mkono linaonekana limekauka huku mishono yake ingali imelowa. Ulaya na Marekani Kaskazini, wenye trela za kulala safarini zenye kuta za turubai huzifunga kabla ya theluji kuanguka, na baridi kali ya huko huipunguza kasi kuvu. Baridi ya Ruiru haifiki hapo. Huchelewesha kukauka kwa kitambaa tu, na kuvu huendelea kuota kama kawaida.

Kabla ya kugusa maji ni lazima kujua hema limetengenezwa kwa kitu gani. Mahema mengi meupe ya watu hamsini au watu mia ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa tabaka la plastiki ya PVC pande zote mbili. Mahema ya zamani, na baadhi ya yale ya kambi, ni turubai la pamba. Pamba yenyewe ni chakula cha kuvu: huula uzi, na baada ya muda kitambaa hupasuka kikivutwa. PVC haioti kuvu kwa namna hiyo, lakini uchafu ulioganda juu yake huota, na hata vilainishi vilivyochanganywa ndani ya plastiki huliwa na vijidudu. Madoa ya waridi yanayoonekana kwenye mahema meupe mara nyingi ni rangi iliyotolewa na vijidudu hivyo ikapenya ndani ya plastiki. Ikishapenya, hakuna sabuni itakayoifikia. Hapo ndipo hasara ilipo, maana hakuna bibi harusi anayetaka picha zake chini ya hema lenye mabaka.

Uchafu nao una asili yake. Kutoka Ruiru kuelekea Githunguri, na kutoka Thika kuelekea Gatundu, udongo ni ule mwekundu wa mashamba ya kahawa. Upande wa Juja kuna udongo mweusi mzito unaonata kama ugali mbichi ukilowa. Huu mweusi hutoka ukiachwa ukauke kisha ukapigwa brashi. Mwekundu ni mkaidi zaidi, kwa kuwa wekundu wake ni madini ya chuma, jamii moja na kutu. Dawa za klorini za kung'arishia nguo haziondoi doa la chuma. Zinaweza hata kulikoleza, na wakati huohuo zinadhoofisha nyuzi za mishono. Maji ya limau au siki nyeupe hufaa zaidi, yakipakwa kwenye doa la PVC kwa dakika chache kisha yakasuuzwa vizuri. Kuna pia mafuta ya pilau na nyama choma, moshi wa jiko lililowashwa karibu mno, soda iliyomwagika, utomvu wa miti na vinyesi vya ndege. Hivi vya mwisho vina asidi na havifai kungoja wiki nzima.

Kuosha huanza na kitambaa kikiwa kikavu. Hutandazwa juu ya turubai jingine au nyasi safi, kamwe si juu ya kokoto, kikapigwa kwa ufagio laini ili vumbi na matope makavu yatoke. Mchanga ukiachwa, kila msuguo wa brashi huugeuza kuwa msasa unaokwangua tabaka la plastiki. Kisha maji ya uvuguvugu, sabuni ya kipande au sabuni laini ya maji, na brashi yenye nywele laini au sponji. Sabuni ya unga yenye nguvu si chaguo zuri. Masalia yake hubaki kwenye kitambaa, huvuta unyevu na vumbi, na kwenye turubai la pamba huondoa dawa inayozuia maji. Mashine za maji ya presha, zile za kuoshea magari, humaliza kazi upesi lakini hufumua mishono na kulichubua tabaka la juu zikisogezwa karibu. Mahali penye kuvu pafutwe kwa siki iliyochanganywa na maji, paachwe kidogo, pasuguliwe taratibu. Afanyaye kazi hiyo azibe pua na mdomo kwa kitambaa, kwa kuwa vumbi la kuvu huwasumbua vibaya wenye pumu. Kusuuza kufanywe hadi povu liishe kabisa.

Namna nzuri ya kukausha ni kulisimamisha hema lenyewe kwenye fremu yake, kuta zikiwa zimefunguliwa upepo upite. Pasipo na nafasi, kitambaa huanikwa juu ya kamba mbili zilizoachana, ili pande zake zisigusane, na kugeuzwa katikati ya siku. Mwezi wa Julai kazi hii huenda ikachukua siku mbili au tatu, na jioni kitambaa huingizwa ndani ya banda kabla umande haujashuka. Ukavu haupimwi katikati ya kitambaa bali kwenye pindo, pembe na mishono, palipokunjwa tabaka mbili au tatu. Kipande cha gazeti kikibanwa kwenye mshono kwa kiganja kwa dakika moja, kikitoka kimelegea au kina alama ya maji, hema halijakauka. Likilazimika kufungwa likiwa limelowa, kwa mfano baada ya mazishi yaliyonyeshewa, lisikazwe. Likunjwe kwa ulegevu na lifunguliwe kabla ya kesho yake kwisha.

Stoo yenyewe inahitaji paa lisilovuja, dirisha au matundu ya hewa, na sakafu isiyoguswa na kitambaa. Sementi hupandisha unyevu kutoka ardhini hata ikionekana kavu, kwa hiyo mahema huwekwa juu ya mapaleti ya mbao au rafu, mbali kidogo na ukuta. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa hufungia ndani unyevu wote uliobaki. Gunia au mfuko wa turubai hupumua. PVC ni afadhali iviringishwe kuliko kukunjwa, na ikikunjwa, mistari ya mikunjo ibadilishwe kila mara kwa sababu plastiki hupasuka pale inapovunjwa daima. Panya hawali PVC, lakini hutoboa mahema ili kujenga viota, na harufu ya mafuta ya chakula ndiyo inayowaita. Kulifungua kila hema mara moja kwa mwezi na kulipunga hewa, hata kama halijakodishwa, huwavuruga panya na kuonyesha kuvu ikiwa bado ni madoa machache.

Vyuma husahaulika. Nguzo hupanguswa matope, hukaushwa, na palipoanza kutu husuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, kwa sababu kutu ya nguzo huhamia kwenye kitambaa cheupe. Kamba zioshwe na kuanikwa. Zipu za kuta hulainishwa kwa kuzipitishia kipande cha mshumaa.

Mahema ya kulala yanayofungwa juu ya paa la gari, kama yale ya wanaokwenda kupiga kambi Ol Donyo Sabuk, ng'ambo ya Thika, hufuata kanuni hizohizo, na yana udhaifu mmoja wa ziada: godoro. Pumzi za usiku hugeuka maji chini yake, na hema likifungwa asubuhi maji hayo hubaki humo. Siku ya kurudi nyumbani hema hufunguliwa tena, godoro hutolewa na kuanikwa peke yake.

Matundu madogo ya PVC hubandikwa kiraka cha kitambaa kilekile kwa gundi ya PVC, baada ya kusafisha na kukausha pande zote mbili. Mipasuko mirefu hupelekwa kwa fundi mwenye cherehani nzito ya kushonea viti vya magari. Turubai la pamba likianza kunyonya matone badala ya kuyateremsha hupakwa upya dawa ya kuzuia maji, likiwa safi na kavu. Pale kuvu ilipokwisha kuota, jaribio ni kukivuta kitambaa kwa mikono miwili: kikipasuka, paneli hiyo hukatwa na kubadilishwa nzima, kwa maana kiraka hakina uzi imara wa kushikilia.