Yatima si wa Bibi Peke Yake

Omurushaka ni njia panda. Barabara itokayo Kyaka hupita hapo, na hapo ndipo ichepukapo ile iendayo Nkwenda hadi Murongo, mpakani mwa Uganda. Ndugu zetu wa visiwani wasiopata kufika Karagwe na wajue kuwa njia hizo zimepitisha kahawa na ndizi, na misiba pia. Mkoa huo ulionja vita vya 1978 na 1979. Huko ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983. Na mwaka 1994 wakaingia wakimbizi wa Rwanda.

Kila msiba uliacha watoto, na waliowapokea, mara nyingi, ni bibi zao. Hapakuandikwa mkataba. Mtoto alipewa mkeka na sahani, basi. Jirani alileta mkungu wa ndizi, mwingine akapalilia migomba. Hayo yalikuwapo kabla wafadhili hawajafika na magari yao.

Lakini tusijidanganye. Shamba la marehemu likinyemelewa na ami zake mtoto, jirani yule yule aliyeleta mkungu hunyamaza, eti hayo ni mambo ya ukoo. Siyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote imnyimayo mwanamke au mtoto haki yake ya ardhi. Halmashauri ya kijiji ijuayo hayo ikakaa kimya imeshiriki dhuluma. Na sisi tuliokaa chuoni tunakumbuka alichoahidiwa mla mali ya yatima.

Kwa maofisa wa Serikali tuna neno. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mlezi wa kambo, na ile ya Zanzibar ya 2011 inaitambua kafala. Je, bibi aliyeko migombani amepata kuambiwa? Ofisa ustawi wa jamii amfuate huko, asimngoje mezani. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa 2016, ni kweli, lakini sare na madaftari hununuliwa.

Upo Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF. Kaya hutajwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni, utaratibu tunaouunga mkono, ila mkongwe asiyeweza kutembea hayupo mkutanoni, wala mjukuu wake aliyebaki kumchotea maji. Mwenyekiti asiifunge orodha kabla ya kumtuma mtu kwenye nyumba ambazo hazikuleta mtu.