Kilima cha Mabale

Watu wengi wasikiapo habari za mradi mkubwa wa maji, fikra zao huliendea bomba, urefu wake na unene wake. Mhandisi, kwa upande wake, huuliza kwanza habari za kilima. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Tabora, ambako maji ya ziwa hilo yalifikishwa baadaye kwa mkopo wa India, uko karibu meta 1,200. Na maji hayapandi kwa hiari yake. Kwa sababu hiyo mradi uliozinduliwa mwaka 2009 kwa manufaa ya Kahama na Shinyanga huyavuta maji Ihelele, wilayani Misungwi, ukayasafisha, kisha ukayasukuma hadi tanki lililojengwa juu ya kilima cha Mabale, ili kutoka hapo yateremke kwa uzito wake yenyewe katika nchi ya Wasukuma, ambayo tangu kale imeishi kwa malambo na visima na kwa kulitazama wingu.

Na tufanye hesabu kidogo. Mtambo wa Ihelele uliundwa kutoa meta za ujazo 80,000 kwa siku. Kila meta ya ujazo ina uzito wa tani nzima, na kuipandisha tani hiyo meta 100 tu hutaka uniti ya umeme zaidi kidogo ya robo. Nazo pampu, ambazo hazikosi kula sehemu yao, huisogeza robo hiyo mpaka theluthi. Kwa hiyo, mtambo utoapo kiasi chake chote, kila meta 100 za mwinuko hudai uniti zipatazo 27,000 kila siku iendayo kwa Mungu, kabla hata ya kuyahesabu mavune ya maji yasuguanayo na kuta za bomba.

Hapo ndipo penye siri ambayo wapangaji wa miradi hii, nionavyo mimi, huipa nafasi ndogo kuliko inavyostahili. Tulilikimbilia ziwa ili tuepukane na ukame, lakini umeme wa kuyapandisha maji ya ziwa, katika miaka ile mradi ulipokuwa ukijengwa, ulitegemea kwa sehemu kubwa mabwawa kama la Mtera, nayo mabwawa hutegemea mvua. Mwaka 2006 mvua ziliadimika, Mtera likapungua mno, na umeme ukagawiwa kwa zamu nchi nzima. Ukame uliofukuzwa mlangoni waweza basi kurudi kwa njia ya waya. Tanki la Mabale, lenye nafasi ya lita milioni 35, halihimili matumizi ya kiasi chote cha mtambo kwa zaidi ya saa kumi na kitu; umeme ukikatika kutwa nzima, akiba imekwisha. Aliye na dhamana ya mradi hana budi kununua jenereta, na mafuta yake, kabla ya kuhitajika.

Ziwa lenyewe pia si la kuaminiwa kama ukuta. Kati ya kimo chake cha 1964 na upungufu wa 2006, ambao haukusababishwa na mvua peke yake bali pia na maji yaliyofunguliwa kwa wingi kule Jinja, Nile itokapo ziwani, kuna tofauti ya takriban meta 3. Na mwaka 2020 likafura tena hata kukifikia kile kimo cha zamani. Mdomo wa bomba la kuvutia maji lazima uwekwe chini kiasi cha kutoachwa hewani, wala usizame mno hata ukazoa tope.

Kulikuwa na mlima mwingine, wa karatasi. Mapatano ya 1929 baina ya Uingereza na Misri yalitaka idhini ya Misri kwa kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme itakayoathiri maji ya Nile na maziwa yake. Mwaka 1962 Tanganyika ya Nyerere ilitangaza kwamba hati hiyo haiifungi, na mradi huu ukajengwa kwa fedha za hazina ya Tanzania.

Zingatia sasa mauzo. Mamlaka iendeshayo bomba kuu huuza maji kwa jumla, na mamlaka za miji huyauza kwa rejareja. Baina yao kuna dira, ankara na subira. Yakivuja mjini, aliyeyanunua ndiye apataye hasara, lakini ashindwapo kulipa, hasara hupanda mto hadi Ihelele, kwenye bili ya umeme isiyosubiri mtu.

Mvua zikinyesha, mambo hugeuka. Malambo hujaa, na akina mama huliacha gati la maji, kwa kuwa maji ya lambo hayana bei. Matumizi yakishuka, maji hukaa siku nyingi bombani, dawa ya klorini iliyotiwa Ihelele ikaisha nguvu kabla hayajafika kijiji cha mwisho. Basi fundi hupanda baiskeli yake, akaenda mwisho wa laini, akaifungua valvu, na maji yale yaliyopandishwa kilimani kwa umeme wa kulipia yakamwagika porini, juu ya ardhi iliyokwisha kulowa.