Vikings Walikuwa na Nyoka wa Bahari, Kisii Ilikuwa na Mumbo: Viumbe vya Gusii na Story Moja Inayoua Hadi Leo

Kama umewahi kucheki Vikings ama kucheza God of War, unamjua Jörmungandr, lile joka la Wanorse lenye urefu wa kuzunguka dunia nzima mpaka linajiuma mkia. Wasee wengi wa mtaa wanaweza kukuchorea hilo joka vizuri. Lakini uliza mtu wa Kisii ama Nyamira kuhusu Mumbo, utaona vile ataguna tu.

Haya, tuanze na huyo.

Joka la Ziwa Victoria

Mwaka wa 1913, jamaa wa Alego kule Uluo, jina Onyango Dunde, alisema nyoka mkubwa alitoka ziwani, akammeza, kisha akamtema akiwa mzima. Nyoka huyo ndiye Mumbo. Alikuwa mrefu kiasi cha kichwa chake kufika mawinguni. Ujumbe wake ulikuwa moto: Wazungu wataenda, dini yao ni bure, fugeni nywele.

Story ilivuka mpaka ikaingia Gusii. Halafu Septemba 1914, vita vya Waingereza na Wajerumani vikafika Kisii mjini kwenyewe. Waingereza walipohepa, watu waliingia kwa maofisi na misheni wakabeba kila kitu. Kwa waumini wa Mumbo, hiyo ilikuwa ishara kwamba nyoka hakudanganya. Serikali ya mkoloni iliporudi iliwachapa vibaya, na miaka iliyofuata baadhi ya viongozi wa Mumbo walipelekwa kifungoni mbali huko Lamu. Fikiria serikali nzima ikiogopa nyoka ambaye haijawahi kumwona!

Engoro, ebirecha na wenye macho

Juu ya kila kitu, Abagusii walimweka Engoro, Muumba. Lakini kwa maisha ya kila siku, wale watu waliogopa zaidi ni ebirecha, yaani roho za mababu. Mtoto akiugua bila sababu ama ng'ombe wakianza kudedi, familia ilienda kwa omoragori, mpiga ramli, ambaye mara nyingi alikuwa mama. Yeye ndiye alisema ni babu gani amekasirika na anataka mbuzi ama kuku.

Wanorse nao walikuwa na völva, mama mwenye kuona yajayo. Kwenye hadithi zao, hata Odin mwenyewe alimwendea kuuliza mambo. Gusii ilikuwa na Sakagwa, nabii ambaye wazee wanasema alitabiri kuja kwa Wazungu kabla hawajafika. Pia ilikuwa na Moraa Ngiti, mama aliyewachochea vijana wasikubali mkoloni. Januari 1908, Otenyo alimdunga mkuki afisa Mwingereza, Northcote. Northcote aliishi, lakini Waingereza walichoma manyumba na kubeba mifugo kulipiza.

Maisha yenyewe yalikuwaje?

Watu hufikiri Viking alikuwa mtu wa meli na shoka kila siku. Zii. Wengi wao walikuwa wakulima na wafugaji, na vita ilikuwa kazi ya msimu tu. Gusii nayo hivyo hivyo. Vijana wa kiume walikaa ebisarate, kambi za ng'ombe, wakilinda mali dhidi ya Wakipsigis na Wamaasai. Nao pia walienda kunyang'anya za wenyewe. Nyumbani kulikuwa na obokima bwa wimbi, chinsaga na maziwa ya mala. Jioni mzee alipiga obokano, ile nyatiti kubwa ya nyuzi 8 yenye sauti nzito kama besi ya matatu.

Kila ukoo ulikuwa na mnyama wake. Mugirango ni chui, Bonchari ni kiboko. Hiyo ndiyo ilikuwa nembo yao, miaka mingi kabla ya logo za timu.

Sasa hapa ndipo noma iko

Vikings walikuwa na draugr, maiti anayetoka kaburini usiku. Leo hakuna mtu Norway anapelekwa mahali kwa kuitwa draugr. Imebaki story ya movie.

Gusii ina omorogi. Kulingana na imani, huyu hutoka usiku uchi, amebeba chungu cha moto anachofunika na kufunua, na anagonga milango ya watu. Inasemekana kazi hiyo mtu hufunzwa na mzazi. Tofauti ni kwamba omorogi hakai msituni wala kaburini. Anasemwa ni jirani, na mara nyingi ni shosho fulani wa kijiji.

Mei 2008, watu 11, wengi wao akina mama wazee, waliuawa kwa moto huko Kisii wakiitwa wachawi. Oktoba 2021 huko Marani, umati uliua akina mama wazee 4 kwa sababu hiyo hiyo.

Ukichimba hizi kesi, mara nyingi unakuta shamba. Kisii na Nyamira kuna watu wengi na vipande vidogo, na mjane mzee akiondoka, mtu anarithi. Zingine ni ugonjwa wa kusahau: mzee anatoka usiku, hajui ako wapi, anagonga mlango wa jirani akidhani ni kwake. Cheki vile hiyo inafanana kabisa na maelezo ya omorogi.

Na jua sheria. Kenya ina sheria ya uchawi tangu 1925. Kumwita mtu mchawi mbele ya watu ni kosa, isipokuwa unapeleka malalamiko kwa chifu, polisi ama mkubwa mwingine wa serikali. Kumchoma mtu ni mauaji, hata kama mlikuwa mia moja na wewe ulileta tu kiberiti.

Kwa hivyo Krismasi hii ukishuka ocha, uliza guka akupigie story ya Mumbo, Sakagwa na Moraa. Ziko fiti kuliko hizo za Netflix. Lakini mbogi ya kijiji ikianza kutaja jina la shosho fulani, usikae hapo kusikiliza. Pigia chifu simu mapema, kabla usiku haujaingia.